Nilipunguza suruali yangu mara mbili, nikajipongeza

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa afya wa tarehe 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani, ulikuwa na kisanduku chenye dalili tisa za ugonjwa huu. Nimekikata kwa mkasi wangu wa kazi na kukibandika ukutani, juu ya cherehani. Dalili zote tisa ni za kweli, sina neno nazo. Nina neno na kisanduku chenyewe. Anayekisoma atadhani dalili huja zimeongozana, kama wageni walioshuka kwenye gari moja. Kwangu zilikuja mojamoja, kwa siku tofauti, na kila moja nikaipa jina lisilo lake. Nilikuwa na saba kati ya hizo tisa, na kwa miezi mitano nikiulizwa hali najibu mzima.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona suruali, makoti na sare, huu ni mwaka wa 27. Umri wangu ni miaka 53. Riziki yangu inatokana na kupima miili ya watu, na vipimo vyao vyote nimeviandika kwenye madaftari, cha kiuno, cha nyonga, cha paja. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuona mwili wangu unabadilika alipaswa kuwa mimi. Niliona kweli. Nikafurahi.

Kiu ndiyo iliyotangulia. Kwenye meza ya kukatia huwa naweka chupa ya maji ya lita moja na nusu, na miaka yote ilinitosha kutwa nzima. Ikawa naijaza mara mbili, kisha mara tatu. Nikailaumu pasi: anayeshinda na mvuke lazima akaukwe na koo. Pasi ni ileile niliyozeeka nayo, na haikuwahi kunikausha, lakini hilo sikujiuliza. Usiku nikawa naamka mara nne, mara tano, kwenda haja ndogo. Mke wangu akasema hiyo ni tezi dume, wanaume wa umri wako ndivyo wanavyoanza. Lile neno tezi likanitisha kiasi kwamba nikanyamaza kabisa, nikawa nanyata gizani nisimwamshe. Basi dalili mbili ambazo ni mtoto na mama yake nikazitenganisha. Moja nikaipa pasi, ya pili nikaipa tezi.

Nisingezitenganisha kama ningejua mwilini kunatokea nini. Figo huchuja damu, na sukari iliyochujwa huirudisha kwenye damu isipotee. Lakini zina kikomo. Sukari ya damu ikipita kama 10, kwa kipimo cha milimoli kwa lita, figo zinaelemewa na sukari inaanza kuvuja kwenye mkojo. Nayo haitoki peke yake, inavuta maji. Mimi nilidhani nakojoa sana kwa sababu nakunywa sana. Kumbe nilikuwa nakunywa sana kwa sababu nimekojoa sana.

Wazee husema mkojo wa mwenye kisukari hukusanya sisimizi. Si hadithi. Matabibu wa kale wa India waliona jambo hilo na kuuita ugonjwa kwa jina la mkojo wa asali, na katika karne ya 17 daktari wa Uingereza aitwaye Thomas Willis aliuonja mkojo wa wagonjwa wake na kuandika kwamba ni mtamu. (Nawaombea dua njema waliotuletea vijiti vya kupimia.) Ila asiyeona sisimizi asijihesabu salama. Kisukari kinahesabiwa kuanzia 7.0 kwa mtu aliyeamka bila kula kitu, na figo hazivujishi mpaka kwenye 10 hivi. Hapo katikati mtu anaweza kukaa miaka. Hana kiu, haamki usiku, na mishipa yake midogo ya macho, ya figo na ya miguu inaharibika polepole bila kelele. Hili kisanduku chenu hakikulisema, na mimi ningeliweka juu kabisa: kiu si mwanzo wa ugonjwa. Mara nyingi ni ugonjwa umeshachoka kujificha.

Sasa suruali. Kiuno changu kilikuwa inchi 38. Daktari aliwahi kuniambia nipunguze mwili, nikamwitikia na nisifanye lolote. Mara nikaona mkanda unaingia tundu la ndani zaidi. Nikajipima: 36. Nikakaa kwenye cherehani nikaipunguza suruali huku nikiimba. Baada ya wiki sita hivi ikapwaya tena, nikajipima tena: 34. Nikaipunguza mara ya pili. Wateja wananisifu, fundi umekuwa kijana, tupe siri. Nikawapa siri! Nikawaambia nimeacha kula usiku, jambo ambalo halikuwa kweli hata kidogo. Nilikuwa nakula kuliko nilivyowahi kula, na njaa haikatiki.

Mliandika kwamba Shirika la Afya Duniani linakadiria watu wenye kisukari walikuwa milioni 200 mwaka 1990 na wamefika milioni 830 mwaka 2022. Namba hiyo niliisoma nikapita. Ya kwangu ni hizo inchi nne, ambazo nilizikunja kwa mkono wangu mwenyewe na kuzishonea kwa ndani.

Naomba nieleze kwa lugha ya karakana kwa nini mtu anakula na kukonda. Sukari ya damu ni kitambaa kilicholetwa mlangoni. Seli za mwili ni mashine zilizo ndani. Insulini, inayotengenezwa na kongosho, ndiye kijana wa kuingiza kitambaa ndani. Katika kisukari cha aina ya kwanza kinga ya mwili imegeuka na kuziua zile seli za kongosho zinazotengeneza insulini, kwa hiyo kijana hayupo. Katika aina ya pili, ambayo ndiyo yangu na ndiyo ya zaidi ya tisa katika kila wagonjwa kumi, kijana yupo lakini milango imekuwa migumu. Anasukuma na kusukuma, na mwisho naye anachoka. Kwa vyovyote vile kitambaa kinarundikana nje mpaka njia inaziba, na ndani mashine zimesimama kwa kukosa kazi. Mwili ukiona hivyo unaanza kufumua akiba yake: mafuta kwanza, na nyama za misuli pia. Ndiyo uchovu, ndiyo njaa, ndiyo inchi nne.

Macho nayo yalinidanganya kwa namna yake. Nikawa nashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Umri, nikasema, nikaenda kupimwa macho na kutengenezewa miwani. Sikuulizwa kuhusu sukari, nami sikuwa na la kusema. Wiki chache baada ya kuanza matibabu miwani ileile ikawa inanitia ukungu mbaya kuliko mwanzo, nikadhani sasa napofuka. Daktari akanieleza kwamba sukari ikiwa juu lenzi ya jicho hubadilika umbo, na ikishuka hurudi taratibu, kwa hiyo anayeanza matibabu angoje wiki kadhaa sukari itulie kabla ya kununua miwani. Niliitoa ile miwani nikaiweka kwenye droo ya vifungo. Uzi natunga mwenyewe.

Muwasho wa sehemu za siri nautaja haraka kwa sababu wanaume wenzangu hawatautaja kabisa. Ni fangasi, wanapenda sukari. Nilijipaka dawa miezi miwili, ikipona inarudi. Anayerudiwa na fangasi, awe mwanamume au mwanamke, kabla ya kununua dawa ya tatu apime sukari.

Mguu ndio ulionitisha, na hata huo haukunifikisha hospitali. Jioni moja nilivua viatu nikaona soksi ina damu. Pini ya kushikizia kitambaa ilikuwa imepenya soli na kuingia kwenye unyayo, na nilikuwa nimeikanyaga kutwa nzima nikikanyagia cherehani. Sikusikia kitu. Fundi yeyote anayesoma hapa anajua pini inavyouma. Kidonda kikachukua wiki tano kufunga. Nilijua miguu ina ganzi kidogo, usiku nyayo zinawaka kama zimesimama juu ya makaa, nikaisingizia pedali. Ganzi ya namna hiyo ni mishipa ya fahamu imeanza kuumia, na haitokei kwa siku mbili. Maana yake sukari ilikuwa juu muda mrefu kabla ya chupa ya kwanza ya maji. Sasa kila usiku nazitazama nyayo zangu kwa kioo, na sivai kiatu kabla ya kukikung'uta.

Aliyeziunganisha zote hakuwa daktari. Alikuwa muuguzi aliyeleta sare yake nipunguze mikono. Alikaa pale kwenye benchi kama nusu saa, akaniona nimejaza chupa na kuimaliza. Akaniuliza, "Fundi, na usiku unaamka mara ngapi?" Nikacheka. Akauliza tena, mkanda unaingia tundu la ngapi, na mchana unasinzia? Nilipomaliza kujibu hakusema naumwa nini. Alisema, "Funga, twende." Nikamwambia nina koti la watu la kesho. Akasema koti lina wenyewe, na wewe una wenyewe.

Walinitoboa kidole. Mashine ikaandika 19.4. Mimi na sindano tumefahamiana miaka 27, hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko zote. Mtu mwenye dalili na sukari ya 11.1 au zaidi, saa yoyote ile hata kama amekula, tayari ana kisukari. Asubuhi yake nikiwa na njaa ilikuwa 14.2. Wakachukua na damu ya kipimo cha miezi mitatu, ile wanayoiandika HbA1c, ikaja asilimia 10.8, kuanzia 6.5 ni kisukari. Kipimo hiki kinaangalia sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, ambazo huishi kama siku 120. Nakiheshimu kwa sababu naielewa kazi yake. Kutoboa kidole ni kumpima kiuno mteja aliyevuta tumbo ndani. Kipimo cha miezi mitatu ni kumpima akiwa amesahau kwamba anapimwa.

Neno moja kuhusu namba, kwa sababu nimesikia watu wakibishana kliniki. Mashine nyingine zinasoma kwa milimoli na nyingine kwa miligramu. Chukua ya milimoli, zidisha kwa 18. Anayesema yangu ni 7 na anayesema yangu ni 126 wanasema kitu kimoja, na nimemwona mzee akitokwa jasho kwa kudhani 126 ndiyo kifo.

Hayo ni yangu. Linaloniondolea usingizi ni jingine, nalo lilitokea mwaka mmoja kabla.

Mama mmoja aliniletea sketi ya shule ya binti yake wa miaka 11. Sketi nilishona mimi mwenyewe mwanzoni mwa muhula, kipimo kipo kwenye daftari. Akasema inamdondoka mtoto. Nikatoa inchi mbili na nusu. Akanieleza, kwa namna akina mama wanavyoongea fundi akiwa kazini, kwamba binti amekuwa mvivu, analala kila saa, na aibu kubwa ni kwamba ameanza tena kukojoa kitandani, msichana mkubwa vile. Ameshamchapa kwa hilo. Nikamwambia watoto wa siku hizi. Ndivyo nilivyosema, Mhariri. Nikamkabidhi sketi.

Siku tano baadaye yule mtoto alianza kutapika na kulalamika tumbo. Walipompeleka kwenye kituo cha kwanza alipewa dawa ya tumbo akarudishwa nyumbani. Usiku akawa anapumua haraka na kwa kina kama aliyetoka kukimbia, na pumzi yake ina harufu ya tunda lililoiva kupita kiasi. Alfajiri hakumtambua mama yake. Hospitali ya pili ndiyo iliyomtoboa kidole. Mwili usipokuwa na insulini kabisa huunguza mafuta ovyo, na majivu yake ni tindikali zinazoitwa ketoni. Damu ikijaa hizo, mtu anakufa kwa saa, si kwa miaka. Alikaa na dripu na insulini kwa siku kadhaa, akapona. Anachoma insulini kila siku na atachoma maisha yake yote, na ni mtoto mchangamfu sana. Baadaye nilisoma kwamba kabla ya mwaka 1922 hakukuwa na dawa kwa watoto kama yeye. Januari mwaka huo, huko Toronto, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alichomwa insulini, wa kwanza duniani kutibiwa nayo, baada ya Frederick Banting na Charles Best kufanikiwa kwa mbwa mwaka uliotangulia. Tarehe 14 Novemba mliyoadhimisha ni siku aliyozaliwa huyo Banting.

Mwaka mzima baada ya sketi ile, nikiwa na kiu ileile, usingizi uleule, na nguo inayonidondoka vilevile, sikuwaza. Niliambiwa ile ni sukari ya watoto. Na ya watu wazima, kila mtu alisema, ni ya wanene wapenda vitamu, na mimi chai yangu sitii sukari. Makala yenu nayo, mnisamehe, ilikuwa na picha ya mtu mnene anayekula keki. Unene unaongeza hatari ya aina ya pili, ni kweli. Lakini picha ile inawaambia wembamba wageuze ukurasa. Inamwambia mama mwenye mtoto wa miaka 11 ageuze ukurasa. Ungekuwa na picha ya kitanda kilichoanikwa godoro, labda angesimama.

Na kisanduku kimesahau upande wa pili, sukari kushuka. Miezi miwili ya mwanzo nilipewa insulini ya usiku. Asubuhi moja nilitoka bila kula kwa haraka ya oda, kufika saa nne mikono inatetemeka, jasho linanichuruzika, moyo unadunda, na nikakata mikono ya koti la bwana harusi kinyume, yote miwili ya kushoto. Kijana wangu wa kazi akadhani nimelewa. Mashine ikasoma 3.1. Chini ya 4 kwa anayetumia insulini au baadhi ya vidonge ni hatari: unapata gramu 15 hivi za sukari inayopanda haraka, juisi au soda ya kawaida au vidonge vya glukosi, unangoja dakika 15, unapima tena. Aliyezimia asimiminiwe kitu mdomoni, atapaliwa, anawahishwa hospitali. Kijana wangu sasa anajua kilipo kikopo cha glukosi. Koti nililipa.

Ombi langu ni dogo. Mkichapa tena, punguzeni kisanduku. Mimi nimeandika ukutani kwa chaki ya kukatia maneno manne, yote yanaanza na herufi moja kwa bahati ya lugha yetu: kiu, kukojoa, kukonda, kuchoka. Chini yake nimeandika: ukiona mawili pamoja, pima leo. Na kwa mtoto nimeandika: leo hii, si kesho. Kisha watajeni kwa majina yao wanaopaswa kupima hata bila dalili, maana wao ndio wengi: mwenye mzazi au ndugu wa damu aliyeugua, mwenye shinikizo la damu, mwenye uzito mkubwa, mwanamke aliyepata sukari akiwa mjamzito hata kama iliondoka baada ya kujifungua, na aliyevuka miaka 40 akiwa hajawahi kutobolewa kidole hata mara moja.

Kipimo changu cha mwisho cha miezi mitatu kilikuwa 7.1. Natumia vidonge sasa, natembea jioni, na kiuno kimetulia 35.

Kwenye daftari nimeongeza safu moja. Mteja akija na kiuno kilichopungua zaidi ya inchi mbili tangu oda iliyopita, namuuliza kama alikusudia. Mpaka sasa nimewauliza watatu. Mmoja alinuna na kuhamia kwa fundi mwingine. Wa pili alipima akakutwa hana kitu, akarudi kunicheka mbele ya wateja. Wa tatu alikaa wiki mbili bila kuonekana, kisha akaja na kijitabu cha kliniki kama changu mfukoni. Hakusema kitu. Aliniomba tu nisikate kile kitambaa cha ziada kiunoni, nikikunje kwa ndani, atakihitaji mwili ukirudi.

Fundi wa nguo za kiume,
msomaji wenu wa siku nyingi